Kampuni ndogo ya dhahabu imeanza kuwindwa: niuze sasa, nipokee dau la kwanza, au nisubiri wagombanie?

Mwenye_Hisa_Mdogo (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo linaninyima usingizi wiki ya pili sasa. Nina hisa za kampuni ndogo ya utafiti wa dhahabu. Imeorodheshwa kwenye soko la nje, lakini mradi wake uko huku kwetu Kanda ya Ziwa. Jina lake silitaji, maana sitaki mtu anunue au auze kwa maneno yangu. Nimezikusanya kidogo kidogo kwa miaka minne, nyingine nilizinunua wakati hakuna aliyekuwa anazitazama.

Wiki mbili zilizopita bodi ilitoa tangazo la aya mbili: wamepokea pendekezo la awali la kununuliwa, halimfungi yeyote, na hakuna uhakika kwamba litazaa ofa. Siku hiyohiyo bei iliruka karibu theluthi moja. Tangu hapo imekaa palepale juu, haipandi wala haishuki.

Njia ninazoziona ni tatu. Kuuza sasa sokoni, nikachukue changu. Kusubiri ofa rasmi ya huyu wa kwanza, ambaye fununu zinasema atalipa nusu taslimu na nusu hisa zake. Au kukaa kimya mpaka atokee wa pili, wagombanie. Naomba tulinganishe kwa yaliyokwisha kutokea, kwa tarakimu. Hisia ninazo za kutosha.

Bi_Hesabu

Ndugu yangu, mfano ulio jirani nawe kuliko yote ni OreCorp, kampuni ndogo ya utafiti iliyokuwa imeorodheshwa Australia, na nasikitika kuona watu wameusahau haraka hivi. Mradi wao ulikuwa Nyanzaga, Sengerema: asilimia 84 yao, 16 ya Serikali. Agosti 2023 Silvercorp ya Kanada ilikubaliana na bodi ya OreCorp: senti 15 za Australia taslimu pamoja na 0.0967 ya hisa ya Silvercorp kwa kila hisa ya OreCorp. Bodi ikawashauri wanahisa wakubali. Ukisoma matangazo ya mwezi ule utadhani mambo yamekwisha.

Hapo ndipo Perseus, wanaochimba Ghana na Côte d'Ivoire, walipoanza kununua hisa za OreCorp sokoni hadi wakafika asilimia 19.9. Novemba Silvercorp wakapandisha sehemu ya taslimu kutoka senti 15 hadi 19. Haikutosha. Januari 2024 Perseus wakaweka mezani senti 55, taslimu tupu. Baadaye wakaongeza hadi 57.5, na mwaka huohuo kampuni ikawa yao.

Sasa tazama kitu hiki kwa makini. Siku ya kwanza kabisa ofa ya Silvercorp ilithaminiwa karibu senti 60. Yaani kwenye karatasi ilikuwa kubwa kuliko iliyoshinda! Lakini sehemu kubwa ya zile 60 ilikuwa hisa za kampuni ambayo migodi yake ya fedha na risasi iko China, na bei ya hisa hizo ilipokuwa inashuka, dau nalo lilikuwa linashuka nayo bila mtu kutamka neno. Mwanahisa wa OreCorp akiamka asubuhi alikuwa hajui ameahidiwa kiasi gani. Aliyeshinda alikuwa na bei ndogo kuliko ile ya kwanza, lakini bei yake haikuwa inatikisika.

Kwa hiyo swali lako la kwanza lisiwe "bei gani". Liwe "analipa kwa nini, na ni nani mwingine ameshika hisa".

Wakili_wa_Migodi

Bi Hesabu amesema vema. Niongeze kwa nini ilikuwa 19.9 na si 25 wala 10, maana ndani ya namba hiyo ndimo mchezo mzima ulimo.

Kwa sheria za Australia, huwezi kuvuka asilimia 20 ya kampuni iliyoorodheshwa hivi hivi, lazima utoe ofa au upitie njia chache zinazoruhusiwa. Kwa hiyo 19.9 ndiyo ngazi ya mwisho unayoweza kusimama bila kulazimika kumnunua kila mtu. Silvercorp walikuwa wamechagua njia ya kirafiki: mpango unaopigiwa kura na wanahisa kisha kuidhinishwa na mahakama. Njia hiyo ni nzuri kwa mnunuzi kwa sababu ukipita unapata asilimia 100 kwa mkupuo, anayetaka na asiyetaka. Lakini unahitaji asilimia 75 ya kura zilizopigwa.

Piga hesabu. Hakuna mkutano ambao wanahisa wote hupiga kura. Chukua kwamba wamejitokeza wenye asilimia 70 ya hisa. Gawa 19.9 kwa 70, unapata zaidi ya asilimia 28 ya kura. Huyo mmoja peke yake ameshazuia. Ndiyo maana Silvercorp walilazimika kuacha njia ya kura na kugeukia ofa ya moja kwa moja kwa kila mwanahisa, ambayo haihitaji 75 lakini nayo ina mtego wake: mpaka ufike asilimia 90 huwezi kuwanunua kwa lazima waliobaki.

Mkuu, nakushauri kwa dhati: nenda kwenye matangazo ya kampuni yako, tafuta taarifa za wanahisa wakubwa. Kwa Australia anayefika asilimia 5 lazima ajitangaze, na kila akiongeza au kupunguza asilimia moja anatangaza tena. Kama kuna jina jipya limeingia miezi sita iliyopita na ni la kampuni ya madini, si mfuko wa uwekezaji, njia yako ya tatu si ndoto.

Mzee_Subira

Wanangu, mimi niseme upande ambao hausemwi. Nilikaa na kampuni moja miaka mingi iliyopita, nayo ilitangaza hivihivi kwamba imepokea pendekezo. Bei ikaruka. Nikawaambia wenzangu wasiuze, wa pili yuaja. Mnunuzi akaingia kukagua vitabu na mashimo ya utafiti, akakaa wiki saba, akatoa sentensi moja kwamba hataendelea. Hakutoa sababu. Siku hiyo bei haikurudi pale ilipokuwa kabla ya tangazo, ilishuka chini zaidi, maana kila mtu aliamini ameona kitu kibaya mle ndani. Ilichukua miaka mitatu kurudi. Mke wangu alikuwa ameshaniuliza mara mbili kwa nini nisiuze hata nusu, tumalize paa la nyumba. Sikumsikiliza.

Na hata pale ambapo mgodi ni mzuri kweli, kusubiri kuna bei yake. Chukua Centamin, wenye mgodi wa Sukari kule Misri. Desemba 2019 Endeavour waliitaka kwa hisa zenye thamani ya dola bilioni 1.9. Bodi ikakataa. Januari Endeavour wakaondoka, wakaenda kuinunua SEMAFO, kampuni nyingine ya dhahabu. Centamin walikuja kununuliwa na AngloGold Ashanti mwaka 2024, kwa dola bilioni 2.5. Mtu atasema, si unaona, wamepata zaidi? Ndiyo, karibu theluthi moja zaidi. Lakini katika miaka hiyo dhahabu ilitoka chini kidogo ya dola 1,500 kwa wakia hadi kama 2,500. Dhahabu ilipanda theluthi mbili na kitu! Aliyebaki alilipwa gawio katikati, sikatai. Ila aliyesubiri akidhani anasubiri mnunuzi, ukweli ni kwamba alikuwa anasubiri bei ya dhahabu, na angeweza kuisubiri kwenye hisa nyingine yoyote.

Mfuatiliaji_Kahama

Shikamoo Mzee Subira. Naomba niilete Acacia, iliyokuwa na migodi ya dhahabu hapa Tanzania, maana nimeishi nayo kwa karibu na ni kinyume kabisa cha OreCorp.

Ilipoorodheshwa London mwaka 2010, ikiitwa African Barrick Gold, hisa iliuzwa peni 575. Machi 2017 Serikali ikazuia usafirishaji wa makinikia (mchanga wenye madini ambao bado haujayeyushwa), Julai ikaja ile hesabu ya kodi ya dola bilioni 190. Wakati Barrick wa Kanada, mwenye asilimia 63.9, anajitokeza Mei 2019 kuchukua zilizobaki, alitaka kutoa 0.153 ya hisa yake kwa kila hisa ya Acacia. Kampuni nzima kwa hesabu hiyo ilikuwa dola milioni 787. Wanahisa wachache walikasirika, na walikuwa na haki.

Kulikuwa na fununu nyingi za mnunuzi wa pili wakati ule. Watu walikesha wakiandika majina ya makampuni. Lakini mnunuzi wa pili angetoka wapi? Mwenye asilimia 63.9 hauzi. Na Serikali ilikuwa imeandika barua kwamba haitasaini makubaliano ya mwisho kama Acacia wenyewe wataendelea kuwa upande wa pili wa meza. Kwa hiyo kitasa cha mlango kilikuwa mikononi mwa Barrick.

Pamoja na hayo, wanahisa wachache hawakuwa mikono mitupu. Kwenye kura ya mpango ule Barrick hakuruhusiwa kupiga kura na hisa zake, walipiga hao wengine tu, na ilihitajika asilimia 75 ya hisa zao zilizopigiwa kura. Sheria ya London inampa mnunuzi siku 28 atoe ofa rasmi au aondoke. Muda ule uliongezwa zaidi ya mara moja, kuanzia Juni hadi Julai, wakivutana juu ya mipango ya migodi na thamani ya maeneo ya utafiti. Mwisho wakafika 0.168, pamoja na haki ya kupata sehemu ya mauzo ya baadhi ya maeneo ya utafiti. Ikawa peni 232 kwa hisa. Dili likafungwa Septemba 17, 2019, na baadaye ikazaliwa kampuni ya ubia Twiga, Barrick asilimia 84 na Serikali 16.

Nataka mwanzisha mada aone hapa: kutoka 0.153 hadi 0.168 ni nyongeza ya kama asilimia 10 tu. Sehemu kubwa ya kilichobaki ilikuja kwa sababu dhahabu ilivuka dola 1,400 kipindi hicho na hisa ya Barrick ikapanda. Palipo na mwanahisa mmoja mkubwa asiyeuza, usisubiri mnada. Hakuna mnada. Kuna kubembelezana kwa asilimia kumi.

Dhahabu_Haiozi

Hapohapo ndipo ninapowapinga Bi Hesabu na wote mnaosifia taslimu. Aliyepokea hisa za Barrick Septemba 2019 alizipata chini ya dola 20. Agosti 2020 zilikaribia 30. Aliyepokea senti 57.5 za Perseus mwaka 2024 alitoa Nyanzaga dhahabu ikiwa bado haijafika hata 2,500, na Oktoba 2025 ikavuka 4,000. Ule mgodi Perseus wameamua kuujenga kwa dola milioni 523 na wanalenga dhahabu ya kwanza mapema 2027. Faida yote hiyo mwanahisa wa OreCorp aliyepewa taslimu ameiaga. Mtu ameshikilia miaka kumi wakati wa shida, halafu neema inapokaribia mnampongeza kwa kuondolewa?

Bodi za makampuni haya hukubali haraka mno. Msimamo wangu: ikiwa mwamba ni mzuri, chukua hisa, usichukue pesa.

Bi_Hesabu

Nakuelewa, na uchungu wako nauona. Lakini umechanganya vitu viwili.

Taslimu haikufungii mlango wa dhahabu. Aliyelipwa senti 57.5 asubuhi, mchana angeweza kununua hisa za Perseus wenyewe, au za Barrick, au dhahabu yenyewe. Alichopewa ni uhuru wa kuchagua. Aliyelipwa hisa amechaguliwa mtu wa kuishi naye. Inaweza kuwa bahati, kama hao wa Barrick. Inaweza pia kuwa kama Yamana.

Tarehe 31 Mei 2022 Gold Fields ya Afrika Kusini ilitangaza kuinunua Yamana, kampuni ya dhahabu ya Kanada, kwa hisa tupu, 0.6 ya hisa yake kwa kila hisa ya Yamana. Siku hiyo hiyo hisa za Gold Fields zilianguka zaidi ya asilimia 20. Hebu fikiria: umeahidiwa ng'ombe, na kabla hujamfikisha zizini amekonda robo ya uzito. Wanahisa wa pande zote mbili wakanuna. Novemba wakaja Pan American Silver na Agnico Eagle pamoja, dau la dola bilioni 4.8, na ndani yake bilioni 1 taslimu kutoka Agnico. Yamana wakahamia kwao, na Gold Fields wakabaki na fidia ya dola milioni 300 ya kuvunjwa kwa mkataba.

Kwa hiyo mtu akinipa hisa, naanza kumchunguza yeye, simchunguzi tena yule ninayemuuza. Anachimba nini? Deni lake? Amewahi kununua kampuni na kuiendesha vizuri? Huyu mnunuzi wa kwanza wa kampuni yako, Mwenye Hisa Mdogo, bei ya hisa yake ilifanya nini siku fununu zilipotoka? Kama ilishuka sana, wanahisa wake hawataki dili, na wanaweza kulizuia wao wenyewe.

Kori_na_Mwamba

Mimi si mtu wa soko, ni mjiolojia wa kambini, ila nimeona wanunuzi wakija mara tatu kwenye miradi tofauti, na nitasema ninachokijua. Niseme mapema pia kwamba sikununua hata hisa moja katika nyakati hizo. Ukiwa ndani na umeona wageni, kununua ni kosa la jinai na ni wizi kwa wenzako.

Wageni wa aina mbili huja. Wa kwanza hufika na buti mpya, anaomba apelekwe kwenye banda la kori (vipande virefu vya mwamba vilivyotolewa kwa kuchoronga), anachagua masanduku matatu yaleyale yaliyo kwenye picha za ripoti. Ananyunyizia maji, anainama na lenzi, anaona chembe ya dhahabu inang'aa kwenye mshipa wa kwazi, anapiga picha, anauliza gramu ngapi kwa tani, anaondoka kabla ya chakula cha mchana. Huyo mara nyingi harudi.

Wa pili hukaa siku nne. Namkumbuka mama mmoja, mhandisi wa uchenjuaji. Alitupita sisi na kori zetu nzuri akaenda kwenye masanduku ya pembeni, ya mwamba wa kijivu usiopendeza, akachukua kipande akakikwaruza kwa kisu, akanusa. Alikuwa anatafuta aseniki na salfa, kujua kama dhahabu itatoka kirahisi au itang'ang'ania ndani ya mwamba. Kisha akauliza maji yatatoka wapi. Umeme uko kilomita ngapi. Kaya ngapi zitahamishwa na fidia imefika wapi. Jioni akaomba daftari la mvua. Hakuuliza kiwango cha dhahabu hata mara moja, maana alikuwa amekisoma kabla hajapanda ndege. Kampuni ile ilitoa ofa kamili baada ya miezi mitatu.

Nasema hivi kwa sababu wanahisa mnatazama wakia zilizoko ardhini, lakini anayeweza kulipa zaidi ni yule ambaye kwake mradi wako una gharama ndogo kuliko kwa wengine. Aliye na kinu karibu chenye nafasi. Aliyekwisha jenga migodi mitatu ya aina hiyo na ana timu inayosubiri kazi. Gold Road ya Australia walikuwa na nusu ya mgodi wa Gruyere, na Gold Fields nusu nyingine. Machi 2025 Gold Fields walipotangaza kutoa dola 3.05 za Australia kwa hisa walikataliwa, Mei wakarudi na jumla ya 3.40 wakakubaliwa. Nani mwingine angeshindana nao, na mwendeshaji wa mgodi ni wao? Kila mradi una mnunuzi wake wa asili. Angalia ramani, mkuu. Nani jirani yako?

Mwenye_Hisa_Mdogo

Asanteni sana, hii ni zaidi ya nilivyotarajia. Nimefanya kazi niliyopewa. Jana usiku nimepitia matangazo yote ya mwaka mzima. Mwezi wa nne kuna kampuni moja ya madini, si huyu mnunuzi, iliingia kwa asilimia 6. Mwezi wa saba ikatangaza imefika 9. Nilikuwa nimeyaona matangazo hayo wakati yanatoka nikayapita, maana ni karatasi zenye majedwali tu. Ina mgodi unaofanya kazi nchi nyingine ya Afrika na haina deni. Mwanahisa mkubwa kuliko wote ni mfuko wenye asilimia 11. Hakuna mwenye nusu wala theluthi.

Hisa za mnunuzi wa kwanza zilishuka kama asilimia 8 siku ile fununu zilipotoka.

Je, hii inabadilisha kitu?

Wakili_wa_Migodi

Inabadilisha sana. Mwenye asilimia 9 aliyezikusanya taratibu kabla ya fununu ana moja ya mambo mawili kichwani: ama anataka kampuni, ama anataka kuuza hisa zake kwa atakayeitaka. Hata akiwa anataka kuuza tu, hatauza kwa bei ya kwanza, na mnunuzi anajua hivyo. Akifika 19.9 utakuwa unatazama filamu ya OreCorp kwa mara ya pili.

Ila usisahau namna wanunuzi wanavyocheza. Dau la kwanza karibu kila mara huwa la kupima maji. Newmont wa Marekani walipoitaka Newcrest ya Australia walianza na 0.363 ya hisa yao, wakakataliwa. Wakaja na 0.380, wakakataliwa pia, lakini safari hii bodi iliwafungulia sehemu ya vitabu. Hiyo ndiyo alama ya kuitafuta! Bodi inayosema "hapana" huku inafungua vitabu imesema "ongeza". Wakaja na 0.400 na Newcrest wakaruhusiwa kulipa gawio maalumu hadi dola 1.10 kwa hisa. Dili likafungwa Novemba 2023. Lakini siku mnunuzi anapotamka kwamba hili ni dau lake la mwisho na hataongeza, London na Australia zote zinamfunga kwa neno lake, isipokuwa alijiwekea nafasi, kwa mfano akitokea mshindani. Ukiona neno hilo, soma mstari unaofuata mara mbili.

Jambo moja la huku kwetu, ambalo wachambuzi wa Perth na Toronto hulipitia haraka. Umiliki ukibadilika kwa zaidi ya nusu kule juu, kwenye kampuni mama, sheria yetu ya kodi ya mapato inaweza kuihesabu kampuni ya hapa kama iliyouza mali zake, na TRA, watoza kodi wetu, watakuja. Tume ya Ushindani inatakiwa kuidhinisha muungano unaovuka kiwango chake. Tume ya Madini nayo ina neno juu ya kubadilika kwa udhibiti wa leseni. Na Serikali ina zile asilimia 16 zisizopunguzwa kwa kuongeza mtaji. Mnunuzi anayeanza kuongea na Dodoma siku ya kusaini amechelewa. Kwa hiyo kati ya madau mawili yanayokaribiana, mimi ningempa uzito yule ambaye masharti yake ya vibali ni machache au yametimia, hata kama ni pungufu kwa senti moja. Kila mwezi wa kusubiri kibali ni mwezi ambao dhahabu inaweza kuanguka na mnunuzi akatafuta mlango wa kutokea.

Mzee_Subira

Kijana, nimesoma hayo ya asilimia 9, na nakiri hali yako ni bora kuliko ilivyokuwa yangu. Mimi sikuwa na mtu wa pili, nilikuwa na matumaini. Lakini jibu swali moja: hizo hisa ni sehemu gani ya akiba yako yote?

Mwenye_Hisa_Mdogo

Mzee wangu, kusema kweli ni zaidi ya nusu.

Mzee_Subira

Basi hiyo ndiyo hatari yako. Mnunuzi wa kwanza na wa pili wanafuata baada ya hapo. Uza kiasi ambacho huyo mnunuzi akiondoka kesho hutaumwa. Kilichobaki kishikilie na usikitazame kila saa.

Dhahabu_Haiozi

Kwa mara ya kwanza nakubaliana na Mzee. Mimi nilizungumza kama mtu ambaye hisa hizi ni sehemu ndogo ya alichonacho. Kwa zaidi ya nusu ya akiba, punguza.

Mwenye_Hisa_Mdogo

Nimeuza asilimia 40 leo asubuhi soko lilipofunguliwa. Nimeongea na mama watoto kwanza. Sitauza zilizobaki mpaka nione tangazo rasmi. Ofa ikija na hisa nitafanya kama Bi Hesabu alivyosema: nitamchunguza anayenunua kabla ya kupiga kura. Na nimeweka arifa ya kila tangazo la mwanahisa mkubwa, yale majedwali sitayapita tena.

Swali la mwisho kwa wakili. Karatasi za kura zikija na mimi hisa zangu ziko kwa dalali, jina la kwenye daftari si langu. Napigaje?

Wakili_wa_Migodi

Mwandikie dalali sasa hivi, usisubiri karatasi. Hisa zikiwa kwa jina la mtunzaji anayekushikia, yeye ndiye anayepiga, kwa maelekezo yako, na huweka siku yake ya mwisho kabla ya ile ya kampuni, mara nyingi kwa siku kadhaa. Muulize vitu vitatu: tarehe yao ya mwisho ya maelekezo, kama wanakupa nafasi ya kubadili kura ukishatuma, na kama ofa ikiwa ya moja kwa moja wanachukua muda gani kuwasilisha ukubali wako. Kwenye kura inayohitaji asilimia 75, watu kama wewe ambao kura zao zilikwama kwa dalali ndio wanaomfanya mwenye asilimia 9 aonekane na 14.